Ukianza kuotesha vijidudu wa maji moto ya baharini, uliza hewa kabla ya joto

Karibu kila mgeni anayeingia maabara yetu huanza kwa kuuliza: huyu anastahimili nyuzi ngapi? Mdogo wangu, wewe anza kuuliza anakula nini na anavuta hewa gani. Joto ni kazi ya inkubeta, lile kabati linalotunza joto la chupa.

Chukua bakteria Aquifex pyrophilus, aliyetolewa baharini kaskazini mwa Iceland. Hustawi kwenye nyuzi 85 za Selsiasi, akiunganisha haidrojeni na oksijeni kuwa maji, na humo ndimo anamopata nguvu. Oksijeni anaitaka, ila kidogo sana. Methanocaldococcus jannaschii, wa kina cha mita 2,600 katika Pasifiki, yeye haitaki hata chembe. Inkubeta moja yaweza kuwatosha wote wawili. Chupa zao hazifanani hata kidogo. Na huyu wa pili ni arkea, kundi jingine la vijidudu, si bakteria, kwa hiyo usiwachanganye kwenye ripoti.

Jifunze kusoma rangi. Maji ya lishe, yale wanamooteshwa vijidudu, tunayatia resazurini, rangi inayoonyesha oksijeni: mwanzo ni buluu, ukiyachemsha yanageuka waridi, na waridi maana yake oksijeni bado imo. Ongeza salfidi ya sodiamu ili kuiondoa, kisha subiri rangi ipotee kabisa. Ikibaki waridi hafifu hata kwenye shingo ya chupa tu, usipandikize arkea wako humo. Wengi hukosa subira hapa, halafu wanalaumu sampuli.

Chupa hizo zimejazwa gesi na kufungwa kwa mpira mnene na kifuniko cha alumini. Zikipata moto, mgandamizo hupanda. Vaa miwani, acha zipoe kabla ya kuchoma sindano, na haidrojeni ikae mbali na moto. Agari nayo huyeyuka karibu na nyuzi 85, kwa hiyo sahani za kuotesha tunatengeneza kwa gelani, kigandishi kinachostahimili joto zaidi.

Usitishwe na namba ya nyuzi 350 inayotajwa kwenye minara ya moshi mweusi, ile ya mawe kwenye sakafu ya bahari inayofoka maji moto. Maji hayo hayachemki kwa sababu ya mgandamizo wa kilindini, lakini hakuna kinachoishi ndani yake. Vijidudu wetu wapo kwenye kuta za minara, ambako ndani ya sentimita chache joto hushuka hadi kukaribia nyuzi 2 za bahari. Kiwango cha juu cha joto la kuota kilichothibitishwa maabara ni nyuzi 122, cha Methanopyrus kandleri, mwaka 2008. Ukiletewa kipande cha mnara, uliza kimekatwa upande gani wa ukuta. Jibu hilo litakupa joto la kuanzia.

Aliye Kenya na hana meli anaweza kujizoeza kuchukua sampuli kwenye chemchemi za Ziwa Bogoria, ambazo maji yake hukaribia kuchemka. Tafuta kibali kwanza. Maji yale ni ya magadi, kwa hiyo lishe ya baharini haitafaa, itabidi uandae nyingine. Na usiende peke yako: ukingoni ardhi ni ganda jembamba tu, chini yake maji yanatokota.