Fundi, nitaipata wapi? Maswali yenu ya spea ndogo ndogo

Tangu niseme hapa kwamba naweza kuwaelekeza namna ya kusaka spea zilizoadimika, simu yangu imejaa picha za vipande vilivyovunjika. Nashukuru. Ila picha iliyopigwa gizani, bila rula pembeni, hainisaidii mimi wala muuza duka. Na wale mliotupa kipande kibovu kabla ya kupata kizima, nanyi tutaonana baadaye. Leo nimechukua maswali sita.

Shikamoo fundi. Nina cherehani nyeusi ya Singer, ya kukanyaga, aliyoniachia marehemu mama. Mtoto amepoteza kile kikombe cha chuma kinachobeba bobini. Nimenunua vitatu: viwili havikai, cha tatu kinakaa lakini sindano inakigonga. Niiuze chuma chakavu? (Mshonaji, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Ukiiuza chuma chakavu, aliyeinunua ataitafutia kikombe na kukushonea wewe nguo.

Anza na namba. Kama mashine yako ni toleo la 15K, hiyo K ni Kilbowie, kiwanda cha Singer kule Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980. Kufungwa kwake hakukuua spea. Muundo wa 15 uliigwa sana Japani na China, na zile Butterfly nyeusi unazoziona kwa mafundi wa barazani ni za ukoo huo huo. Kwa hiyo usiulize kikombe cha Singer. Uliza cha cherehani nyeusi, muundo wa 15.

Sasa kwa nini vimekukatalia? Tazama kile kidole kinachochomoza kwenye kikombe. Kuna vikombe ambavyo kidole chake, ukikishika kama uso wa saa, kinaelekea penye namba 11, na vingine kinaelekea penye namba 1. (Nasema namba zilizoandikwa kwenye saa ya ukutani, msije mkaanza kuhesabu saa tano na saa saba.) Kidole hicho huingia kwenye pengo lililochongwa ndani ya mashine ili kikombe kisizunguke. Pengo likiwa upande mwingine, kikombe hakikai. Na ukikilazimisha, tundu la kupitisha sindano linahama na sindano inagonga chuma. Wauzaji wengi huvichanganya vyote kwenye kopo moja, na usipouliza hawakwambii.

Usiende na picha. Nyuma ya mashine kuna bawaba mbili. Legeza skrubu zake, kichwa kitanyanyuka. Kifunge kwenye kanga, pakia bajaji, nenda nacho dukani. Jaribu kikombe pale pale: zungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, mzunguko mzima, mara tatu. Kikipita bila kugusa, lipa. Nunua na bobini zake hapo hapo, zile zenye pande zilizonyooka kabisa. Zenye pande zilizobinuka kidogo ni za muundo mwingine wa Singer, wa 66. Upana karibu ni ule ule, lakini zitakusumbua uzi mpaka umlaumu shetani.

Betri ya saa ya mke wangu imeandikwa 377. Dukani wana SR626SW tu. Nichukue? (Tanga)

Chukua, ni ile ile. Wakikupa AG4 au LR626 nayo itaingia, maana umbo ni moja, lakini hiyo ni ya alkali. Itakufa mapema, na ikivuja itakula mashine ya saa, na kesi hiyo utaijibu nyumbani.

Beringi ya mota ya pampu yangu ya maji imesagika, namba imefutika. Pampu ni ya zamani, jina lake hakuna dukani analolijua. (Mkulima wa mboga, Mbeya)

Muuza beringi hahitaji jina la pampu. Anahitaji vipimo vitatu: tundu la ndani, upana wa nje, na unene. Azima venia (kile kipimo cha chuma chenye taya mbili) kwa fundi yeyote, pima kwa milimita. Ukipata 17, 40 na 12, hiyo ni 6203, na 6203 iliyotengenezwa nchi yoyote itaingia.

Namba hizo zina hesabu yake. Tarakimu mbili za mwisho zikiwa 04 au zaidi, zidisha kwa 5 upate tundu: 04 ni milimita 20, 05 ni 25. Zilizo chini yake zimekaririwa tu: 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Ndiyo maana 6203 na 6303 zote huingia kwenye shafti moja, lakini ya pili ina upana wa 47 na haiwezi kukaa kwenye nyumba ya ile ya kwanza. Ukiona muuzaji anakwambia "inafanana", jua amepima tundu peke yake.

Kwa pampu ya maji chukua yenye 2RS, ile ya mpira pande zote mbili. ZZ ni ya kifuniko cha bati. Vumbi inazuia, maji hapana. Halafu kabla ya kufunga mpya, badilisha sili ya maji. Maji yaliyoua beringi ya kwanza bado yapo.

Nina Toyota iliyotoka Japani. Klipu ya plastiki inayoshika paneli ya mlango imevunjika. Kila tovuti ya spea inataka namba ya chesi yenye herufi na tarakimu 17. Yangu inaanza NZE121, kistari, kisha tarakimu saba tu. Nimeuziwa gari bandia? (Nairobi)

Hapana, kaka. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana namba ya 17. Tafuta katalogi ya soko la Japani, uiandike hiyo hiyo fupi uliyonayo.

Ukishaipata namba ya spea, kwa kawaida itakuwa na tarakimu au herufi kumi, tano kwa tano. Tano za kwanza ni aina ya kitu: 04465 ni pedi za breki za mbele, 90915 ni filta ya oili, na klipu nyingi huanza na 90467. Namba za 90 ni vitu vinavyotumika kwenye Toyota za aina nyingi, kwa hiyo usitafute gari kama lako tu. Nenda Kirinyaga Road na klipu iliyovunjika mkononi. Gari lolote linalochinjwa huenda likawa nayo.

Mzee wangu ana karabai ya kuvulia dagaa. Ukipampu, mpini unaenda bila uzito wowote. Ngozi ya pampu haipatikani tena huku. (Ukerewe)

Mpini ukikosa uzito, kweli ni ngozi. Ungekuwa unarudishwa juu na mafuta ya taa yakipanda kwenye pampu, ningesema ni valvu ya chini.

Ngozi hiyo utaikata mwenyewe. Omba kwa fundi viatu kipande chenye unene wa milimita mbili hivi. Kata duara lenye upana wa pampu ukiongeza urefu wa mdomo (ule ukingo utakaokunjwa) mara mbili. Iloweke maji ya uvuguvugu mpaka ilegee, ibane iwe kikombe, iache ikauke kivulini. Ikikauka, iloweshe oili ya cherehani usiku kucha. Hii siyo ya muda: ya kiwandani nayo ilikuwa ngozi tu. Na hata ile ngumu ya zamani, kabla hujaitupa, ipake oili, ipanue kwa vidole, uijaribu. Mara nyingi imekauka tu.

Bolti ya milimita nane niliyonunua kwa Land Rover ya babu inaingia mizunguko miwili kisha inagoma. Ya zamani nilimpa mnunuzi wa chuma chakavu. Niikaze kwa nguvu? (Arusha)

Weka spana chini! Land Rover za zamani za Kiingereza zina nyuzi za inchi. Hapo panatakiwa bolti ya inchi 5/16, ambayo ni milimita 7.94, kwa macho ni nane kamili, lakini hatua ya uzi, yaani nafasi kati ya uzi na uzi, ni nyingine. Ukiilazimisha utaua uzi wa tundu. Ichomoe kwa mkono, chukua ile ya zamani, ilinganishe uzi kwa uzi na ya dukani huku umeziinua kwenye mwanga. Umesema ya zamani ulimpa mnunuzi wa chuma chakavu? Basi mkimbilie.