Kamba wako hajafa, amejivua gamba

Unasema kamba wako, yule mdudu wa maji mwenye magando unayemfuga kwenye tangi la samaki, amekufa? Hajafa huyo, amejivua gamba tu. Hilo ulilolikuta limelala chini ndani ya tangi ukadhani ni mzoga, lishike: ni tupu, jepesi, limepasuka pale mgongo unapokutana na mkia, na hata vifuniko vya macho vimo. Angekuwa amekufa ungesikia harufu. Mwenyewe kajificha nyuma ya mawe kwa sababu mwili bado laini na samaki wanaweza kumdonoa. Usilitupe, atalila apate kalsiamu ya kukazia jipya. Wangu, wa jamii ile nyekundu iliyopandikizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, humaliza karibu lote. Ila ukitia dawa ya samaki hakikisha haina shaba, hiyo ndiyo itamuua kweli.