Kwa madogo mnaoanza kusoma siasa za Marekani miaka ya 70: msianze na Watergate

Habari zenu wadogo zangu. Kila mwaka wa masomo ukianza napata meseji za watu wamepewa ile kozi ya historia ya Marekani, wanaomba madesa. Madesa yangu yalishaliwa na maji siku nyingi, ila nitawaambia nilipopigwa mimi ili nyie msipigwe palepale.

Esei yangu ya kwanza niliigawa vipande vitatu, Nixon, Ford, Carter, kila mtu na mabaya yake na mazuri yake, nikaona nimemaliza kazi kabisa. Mwalimu akaniandikia pembeni kwa kalamu nyekundu "wananchi wako wapi?" na maksi zenyewe sitaki hata kuzitaja. Nilinuna wiki nzima lakini alikuwa na haki, sababu ukisoma kwa marais tu utadhani nchi ilikuwa inasubiri Ikulu yao iamue ndo watu wabadilike, wakati mara nyingi ilikuwa kinyume, watu wameshafika mbali rais anakimbia nyuma yao anahema.

Kwaiyo kitu cha kwanza, chukua karatasi kubwa uchore kalenda. Upande mmoja weka mambo ya Ikulu, upande wa pili mambo ya mtaani, alafu angalia yanavyopishana. Utakuta vituko. Julai 1971 vijana wa miaka 18 wanapata haki ya kupiga kura, na hoja kubwa ilikuwa kwamba kama wanaweza kupelekwa kufia Vietnam basi wanaweza na kuchagua anayewapeleka. Vijana walewale walioandamana, wengine wakauawa, wanafunzi wanne pale chuo kikuu cha Kent State Mei 1970. Ungetegemea uchaguzi unaofuata mambo yapinduke si ndio? Novemba 1972 Nixon akachukua majimbo 49 kati ya 50, McGovern, mgombea wa chama cha Democrat aliyekuwa anapinga vita, akabaki na Massachusetts na jiji la Washington. Mi hapo ndo nilianza kuipenda hii kozi, maana hakuna aliyenifundisha kwamba nchi inaweza kuandamana na bado ikampigia kura yule yule anayeandamaniwa.

La pili, toa kichwani hizi lebo za huyu mhafidhina huyu mliberali, zitakupoteza. Nixon wa chama cha Republican, mtu wa soko huria, Agosti 15 mwaka 1971 alitokea kwenye TV akafunga dirisha la kubadilisha dola kwa dhahabu na papo hapo akagandisha bei na mishahara siku 90. Shirika la serikali la kulinda mazingira limeanzishwa chini yake, 1970. Sheria ya 1972 ya kuzuia ubaguzi wa jinsia kwenye shule zinazopokea hela ya serikali kuu, iliyowafungulia mabinti milango ya michezo vyuoni, saini ni yake. Hiyo haimfanyi awe malaika jamani, ila ukiandika "Nixon alipinga mabadiliko" ukaishia hapo, msahihishaji anakukata.

Habari za wanawake zisomeni kwa makini, hasa yale marekebisho ya katiba ya usawa wa jinsia. Congress, yaani bunge lao, iliyapitisha Machi 1972, yalihitaji kuridhiwa na majimbo 38, yakaenda mbio mwanzoni alafu yakakwama kwenye 35. Na aliyeongoza kuyapinga alikuwa mwanamke, Phyllis Schlafly. Shirley Chisholm naye msimruke kama nilivyomruka mimi, mwanamke mweusi aliyegombea urais kupitia kura za maoni za Democrat 1972, na mpinzani wake George Wallace, mtetezi mkubwa wa ubaguzi, alipopigwa risasi mwezi Mei mama alienda kumtembelea hospitali, wafuasi wa mama wakakasirika mno.

Watergate sasa, ile kashfa ya watu kuvunja na kuingia ofisi za chama cha Democrat kwenye jengo la Watergate, Washington, na Ikulu kujaribu kuificha. Usikariri majina yote ya wale washauri, ni wengi mno. Elewa mtiririko: Juni 17, 1972 mlinzi wa jengo Frank Wills anaona gundi ya karatasi imebandikwa kwenye kitasa cha mlango, anaitoa, anarudi raundi ya pili anakuta imebandikwa tena, anaita polisi. Siku sita baadaye rais anaongea ofisini kwake namna ya kuizuia FBI, wapelelezi wa serikali kuu, wasichunguze, na mashine yake mwenyewe inarekodi. Miaka miwili inapita wanabishania zile tepu, Mahakama ya Juu inaamua 8 kwa 0 azitoe, na Agosti 8, 1974 anatangaza kujiuzulu. Makamu wake Agnew alishaondoka 1973 kwa mambo ya kodi, Ford akateuliwa kujaza nafasi yake, ndo maana nchi ikaangukia kwa mtu ambaye wananchi hawakuwahi kumchagua kuwa rais wala makamu. Mwezi mmoja tu akamsamehe Nixon. Ukishika huo mtiririko Carter anaeleweka chap, gavana wa zamani wa Georgia, mkulima wa karanga, anakuja na ahadi kwamba hatawadanganya, na watu waliochoka kudanganywa wanampa 1976.

Carter nitampitia haraka: mfumuko wa bei uliopita asilimia 11 mwaka 1979, foleni za mafuta, Wamarekani walioshikwa mateka ubalozini Tehran, Iran, siku 444. Haya yapo kila kitabu.

Ambacho hakipo kwenye vitabu vingi vya kule ni hiki, na nilikipata kwa baba mdogo sebuleni nikiwa nimeshakabidhi esei. Februari 1980 Carter alimtuma Muhammad Ali kuja kuomba nchi za Afrika zisiende Olimpiki ya Moscow sababu ya Warusi kuingia Afghanistan. Kituo cha kwanza Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere akagoma kumwona. Kenya walisusia, sisi tukaenda, wanariadha wetu Bayi na Nyambui wakarudi na medali mbili za fedha ambazo mpaka leo ndo medali zetu zote za Olimpiki. Baba mdogo anakuambia mji mzima ulitaka kumwona Ali, siasa baadaye. Kama una mzee nyumbani wa umri huo muulize kabla hujafungua laptop.