"Mfumo Ndio Umekataa": Majibu kwa Wasomaji kuhusu Akili Mnemba na Roboti

Katika toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu akili mnemba, ambayo wasomaji wetu wengi wa Kenya huiita akili bandia na wengine akili unde. Tumechagua barua nne. Zile zilizouliza ni programu ipi huandika insha bila mwalimu kugundua tumeziweka kando kwa makusudi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Tanga. Nimesikia redioni kwamba hata mabingwa walioianzisha teknolojia hii sasa wanaiogopa. Kama mpishi mwenyewe anakiogopa chakula alichopika, sisi wageni tukile kwa nini? Je, si busara jamii ikaipiga marufuku kabla haijatushinda nguvu?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Ulichosikia ni kweli. Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa mbinu zinazotumika leo, aliondoka Google mwezi Mei 2023 ili aweze kuzungumzia hatari hizo bila kufungwa mdomo na ajira, na mwaka 2024 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi iliyozaa kitu hicho hicho anachotuonya nacho. Mwezi Machi 2023 barua ya wazi, iliyotiwa saini na wataalamu wengi, iliziomba maabara za akili mnemba zisimamishe kwa miezi 6 mafunzo ya mifumo yenye nguvu kuliko GPT-4, mfumo wa kampuni ya OpenAI unaoandika na kujibu maswali. Miezi hiyo ilipita na mbio zikaendelea.

Hata hivyo marufuku ya jumla inanitia shaka, si kwa kuwa naiona hatari kuwa ndogo, bali kwa kuwa akili mnemba si kitu kimoja ambacho ofisa wa forodha anaweza kukifungua kwenye begi, kama ilivyokuwa kwa mifuko ya plastiki Tanzania ilipoipiga marufuku mwaka 2019. Ni hesabu tu, na hesabu ile ile inayomsaidia daktari kusoma picha ya mapafu ya mgonjwa wa kifua kikuu ndiyo inayoweza kumsaidia askari kumtafuta mwandamanaji katika umati wa watu. Ukiipiga marufuku hesabu, umemnyang'anya daktari na hujui kama umemzuia askari; lakini ukiwadhibiti wanaoitumia, kwa kazi wanayoitumia, una mahali pa kushika.

Njia hiyo ndiyo Umoja wa Ulaya uliyoifuata katika sheria yake iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, ingawa vifungu vyake vinaingia kazini kwa awamu. Sheria hiyo haiulizi mashine ina akili kiasi gani, inauliza imewekwa wapi. Mifumo ya serikali ya kuwapa raia alama za mwenendo na kuwanyima haki kwa alama hizo imekatazwa kabisa. Ile inayochagua nani aajiriwe, nani akopeshwe au nani apite mtihani inaruhusiwa kwa masharti mazito. Na inayopendekeza wimbo wa kusikiliza inaachwa kwa kiasi kikubwa. Anayefanya yaliyokatazwa anaweza kutozwa faini ya hadi yuro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato yake ya mwaka duniani kote, kutegemea ipi ni kubwa zaidi.

Wazungu hawakufika hapo kwa hekima tupu, Mwalimu, waliungua kwanza. Nchini Uholanzi mamlaka ya kodi ilitumia mfumo wa kompyuta kubashiri ni wazazi gani huenda wanadanganya ili kupata ruzuku ya malezi ya watoto, na kutokuwa na uraia wa Uholanzi kukawa moja ya dalili za kumtilia mtu shaka. Zaidi ya familia 20,000 ziliangukiwa na tuhuma zisizo za haki, nyingi zikaamriwa kurudisha makumi ya maelfu ya yuro kwa kosa dogo la fomu, baadhi zikavunjika. Kila mzazi aliyeuliza kosa lake nini alikuta mlango umefungwa. Serikali ya waziri mkuu Mark Rutte ilijiuzulu kwa ajili ya kashfa hiyo Januari 2021. Hapakuwa na roboti yenye macho mekundu. Palikuwa na orodha, na makarani walioamini orodha kuliko mama aliyesimama mbele yao, na mimi nakiri kwamba jambo hilo ndilo linaloninyima usingizi zaidi ya mashine itakayotupita akili, ingawa hilo la pili silidharau.

Kwa hilo la pili ningetaka utaratibu ule ule tunaoutumia kwa dawa. Dawa mpya haiingii duka la dawa hapa nchini kwa sababu mtengenezaji amesema ni salama. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, hudai ushahidi kwanza. Mifumo mikubwa ya leo bado inatolewa kwa neno la mtengenezaji kwa kiasi ambacho tusingekikubali kwa sharubati ya kikohozi. Na kipo kitu kimoja ambacho ningekipiga marufuku bila kubakiza: silaha inayochagua yenyewe nani auawe. Mwezi Desemba 2023 nchi 152 zilipiga kura katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kukubali kwamba suala hilo ni la dharura, lakini kura hiyo si mkataba.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi nauza mahamri na mbaazi Kisauni, Mombasa. Nimekuwa nikikopa kwa programu moja ya simu, na mikopo mitano nimelipa bila kuchelewa hata siku moja. Wa sita nikanyimwa. Nilipopiga simu, kijana aliyenipokea aliniambia, "Mama, mfumo ndio umekataa, hata sisi hatujui kwa nini." Huyo mfumo ni nani, na mimi nimshitaki wapi?

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Sidhani kijana huyo alikudanganya, na hapo ndipo penye tatizo. Programu nyingi za aina hiyo hukusanya unachokipitisha kwenye simu: ujumbe wa kutuma na kupokea pesa, aina ya simu yenyewe, wakati mwingine hata majina ya watu uliowahifadhi. Kisha mfumo hutafuta unafanana na nani kati ya maelfu waliokopa zamani. Ukifanana na waliolipa, unakopeshwa. Ukifanana na waliokimbia, unanyimwa, hata kama wewe hujakimbia. Pengine mauzo yalishuka mwezi wa Ramadhani kwa kuwa watu hawanunui mahamri asubuhi, na mashine isiyojua Ramadhani ni nini ikaona mfanyabiashara anayeporomoka. Hayo ni makisio yangu, na makisio ndiyo tunayobaki nayo pale ambapo hakuna aliyelazimika kukueleza.

Lakini Kenya ina sheria, na unayo haki ya kuitumia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Wakopeshaji watakuambia, na ni kweli, kwamba kifungu hicho kina mianya: uamuzi wa mashine unaruhusiwa ukiwa wa lazima kwa ajili ya mkataba, au ukiwa umeukubali mwenyewe, na sote tunajua jinsi tunavyobonyeza "nakubali" tukiwa na haraka ya mtaji wa unga. Hata hivyo sheria hiyo hiyo inaitaka kampuni ikujulishe kwa maandishi kwamba uamuzi ulifanywa na mashine peke yake, nawe unaruhusiwa kuomba uangaliwe upya au ufanywe uamuzi mwingine usioegemea mashine tupu.

Kwa hiyo usipige simu tena, andika. Andika barua pepe fupi, utaje tarehe uliyonyimwa, utaje kifungu cha 35, na uombe mtu aupitie uamuzi huo. Hakikisha pia kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu ya Kenya, maana tangu kanuni za mwaka 2022 wakopeshaji wa kidijitali wanatakiwa kuwa nayo. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data pamoja na nakala ya ulichowaandikia. Wasomaji wa Tanzania, ambao mikopo ya namna hii huiita kausha damu, nao wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake, na Benki Kuu yao ilitangaza Novemba 2024 orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Siwezi kukuahidi kwamba utapata mkopo. Ninachotaka ni kampuni ilazimike kuandika jina la mtu chini ya jibu lake, kwa sababu tangu siku hiyo "mfumo umekataa" halitakuwa jibu tena.

SWALI: Mhariri, mama yangu alichuma majani chai Kericho tangu kabla mimi sijazaliwa. Mashine ilipokuja, yeye na wenzake wakarudishwa nyumbani. Mnatuambia jamii idhibiti roboti. Mbona waliochoma mashine wanaitwa wahalifu, ilhali aliyewafukuza wachumaji anaitwa mwekezaji?

JIBU: Pole sana, na umfikishie mama pole zetu. Tuseme wazi kwamba mashine ya kuchumia chai haina akili yoyote. Ni wembe na injini, na huendeshwa na watu wachache wakipita juu ya kichaka. Lakini swali lako halibadiliki iwe ni wembe au roboti yenye kamera.

Hasira iliyosababisha mashine kuteketezwa Kericho mwezi Mei 2023 ina babu zake. Huko Nottingham, Uingereza, mwaka 1811, wafumaji wa soksi walianza kuvunja mitambo usiku, na mwaka uliofuata Bunge likaifanya hatia hiyo kuwa ya kunyongwa. Historia imewachora kama wajinga waliochukia maendeleo, jambo ambalo si haki, maana walikuwa mafundi walioijua mitambo hiyo kuliko wenye viwanda. Walichokipinga ni mitambo kutumiwa kushusha ujira wao na kutoa bidhaa duni. Sitetei kuchoma: mashine iliyoungua inaweza kununuliwa nyingine, ilhali kijana aliyefungwa jela kwa ajili yake harudishiwi miaka yake. Ila nakubaliana nawe kwamba majina hayo mawili, mhalifu na mwekezaji, yamegawanywa kwa upendeleo.

Watu hupenda kutaja kodi ya roboti. Bunge la Ulaya lilipojadili sheria za roboti Februari 2017 lilikataa pendekezo la kodi hiyo. Mwaka huo huo Korea Kusini, nchi ambayo leo ina roboti zaidi ya 1,000 kwa kila wafanyakazi 10,000 wa viwandani, ilichukua hatua ya kiasi zaidi: ilipunguza nafuu ya kodi iliyokuwa ikiwapa wanaonunua mitambo ya kujiendesha. Hiyo naiona ya busara. Serikali haina sababu ya kumlipia mwajiri gharama ya kumwondoa mfanyakazi.

Kwa mama yako, jambo la karibu zaidi ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu cha 40 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi awajulishe chama cha wafanyakazi na ofisa wa kazi si chini ya mwezi mmoja kabla, kisha amlipe kila anayeondoka si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Mtafutie karatasi zake zote na uhesabu. Kasoro ya kifungu hicho ni kwamba kinaanza kufanya kazi mashine ikiwa tayari imeshanunuliwa. Ningependa mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri uweke sharti kwamba mashine haishuki kwenye lori kabla pande mbili hazijaandikiana ni nani atafunzwa kuiendesha, ni nani atalipwa aondoke na kiasi gani, na fungu gani la faida itakayopatikana litabaki kijijini. Mazungumzo hayo ni marahisi shambani kukiwa bado na watu wanaohitajika kuchuma kesho asubuhi.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sheria, Lubumbashi. Roboti ikiua mtu, nani apelekwe mahakamani? Wenzangu wengine wanasema roboti yenyewe ipewe utu wa kisheria, yaani ihesabiwe kuwa mtu mbele ya sheria, kama kampuni.

JIBU: Nchi yako ilitangulia kuwa na roboti barabarani: mwaka 2013 zile za alumini zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi zilianza kusimama kwenye njia panda za Kinshasa zikiongoza magari, na wapo madereva waliosema wanaziheshimu kuliko askari kwa kuwa haziombi kitu. Lakini kuipa roboti utu wa kisheria ni kumpa tajiri yake mtumishi wa kufungwa badala yake. Kampuni ina mali inayoweza kukamatwa. Roboti ina mabetri.

Soma kesi ya Tempe, Arizona. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018 gari la majaribio la Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumwua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara akisukuma baiskeli. Uchunguzi ulionyesha kwamba mfumo ulimwona sekunde 5.6 kabla, ukasitasita kama ni gari, ni kitu kingine au ni baiskeli, na kwamba breki ya dharura ya mfumo ilikuwa imezimwa ili gari lisiwe linashtukashtuka. Waendesha mashtaka walisema hawakuona msingi wa kuishitaki kampuni kwa jinai. Msimamizi aliyekaa ndani ya gari akitazama simu ndiye aliyeshitakiwa, na mwaka 2023 alikiri kosa na kupewa miaka 3 ya kifungo cha nje. Simwoni hana hatia. Ila kama unatafuta mada ya tasnifu, anza na sekunde hizo 5.6: ni nani aliyeamua breki isishike, aliamua katika kikao gani, na saini yake iko kwenye karatasi ipi.