Tajiri alipopanda daladala ya Mbagala

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mhadhiri akichekesha, wanafunzi wanajifunza au wanacheka tu? Mimi nafundisha takwimu katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Kipindi changu ni saa nane mchana, watu wameshashiba wali maharage na feni inazunguka kwa kusuasua, kwa hiyo swali hili nalijua.

Miaka mingi nilifundisha wastani kwa kanuni ubaoni. Wakanakili, wakasahau. Siku moja nikawapandisha daladala ya Mbagala. Ndani mna abiria 29, kila mmoja anapata shilingi 300,000 kwa mwezi. Kituoni anapanda tajiri anayepata shilingi 300,000,000 kwa mwezi, gari lake limezimika. Haya, pigeni hesabu: wastani wa mapato humo ndani umepita milioni 10. "Hongereni, nyote matajiri! Sasa konda atadai nauli?" Binti mmoja wa mbele akadakia, "Anadai, mwalimu, na chenji harudishi." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikauliza, mkiwapanga kwa mapato, wa katikati anapata ngapi? Ile ile 300,000, haijatikisika. Hapo kichekesho ndicho kilikuwa somo lenyewe. Ukikitoa, hakibaki kitu cha kufundisha. Vile vya kuokoteza simuni ili kuchangamsha kipindi nimeviacha.

Lakini nimewahi kuharibu pia. Kijana mmoja alichelewa, nikamkaribisha: "Bwana harusi huyo, tulikuwa tunakungoja!" Wenzake wakacheka. Yeye akaenda kukaa nyuma kabisa, na muhula mzima sikumsikia tena akiuliza swali. Nikajitetea moyoni kuwa ni utani tu. Utani gani? Bibi yangu ni Mzaramo. Wazaramo na Wanyamwezi hutaniana hadi msibani, na Mnyamwezi akitaniwa ana ruhusa ya kurudishia pale pale. Yule kijana angenirudishia nini, na maksi zake ziko mikononi mwangu?

Siku hizi anayechekwa ni mimi: mwandiko wangu, kitambi changu, simu yangu ya kupangusa ninayoipangusa bila kufika popote. Na wiki ambayo bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, limechelewa sichekeshi kabisa. Mwenye njaa hachekeshwi na mtu aliyetoka kula.

Muhula uliopita, kwenye swali la mapato, mmoja alijibu vizuri, kisha akaandika pembeni kwa penseli: "Konda bado anadai." Ile ya pembeni haikuwa na maksi. Nilicheka peke yangu ofisini hadi jirani akagonga ukuta.