Maswali na Majibu: Karismatiki, lugha na mafuta

*Tumsifu Yesu Kristo. Je, Karismatiki si ulokole ulioingizwa kanisani?*

Milele amina. Swali hili mnalirudia mno. Uamsho huu wa sala ndani ya Kanisa Katoliki ulianzia kwenye mafungo ya wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Duquesne, Marekani, 1967. Papa Paulo VI aliwapokea wanakarismatiki Roma, Pentekoste ya 1975. Papa Fransisko akawapa chombo chao cha huduma, CHARIS, kilichoanza kazi 2019. Makofi hayamfanyi mtu kuwa mlokole.

*Sineni kwa lugha. Roho hajanishukia?*

Ulimpokea kwenye ubatizo na kipaimara. Soma 1 Wakorintho 12:30: si wote wanenao kwa lugha. Na kiongozi anayekushika taya akikuhimiza "sema, sema, rudia haraka" anakufundisha kubwabwaja.

*Nikiombewa sianguki. Nifanyeje?*

Baki umesimama.

*Paroko amekataza kikundi chetu kuombea wagonjwa na kukemea mapepo katikati ya Misa. Ana haki?*

Ana haki, tena ni wajibu wake. Maelekezo ya Roma ya mwaka 2000 yako wazi: sala za uponyaji haziingizwi ndani ya Misa, ila wagonjwa waweza kutajwa katika sala ya waamini. Ibada yenu ya uponyaji ifanyeni kwa wakati wake, paroko akijua. Kupunga pepo ndiyo kabisa: kanuni 1172 ya Sheria za Kanisa inataka padri aliyepewa ruhusa maalumu na askofu. Mwenyekiti wa kikundi hana ruhusa hiyo, hata akiwa na sauti ya radi.

Hamkuniuliza, lakini nasema. Nimeona mkeshani binti mwenye kifafa amebanwa sakafuni na wanaume wanne, kipaza sauti mdomoni, pepo anaulizwa jina. Mama yake pembeni anasema dawa walishaacha, "kwa imani". Anayekuambia uache vidonge vya kifafa, vya presha au ARV, mripoti kwa paroko siku hiyohiyo. Kuombewa na kumeza dawa havigombani.

*Mwalimu wetu wa sala anauza mafuta ya upako, chupa shilingi 10,000. Ninunue?*

Usinunue. Mpako wa Wagonjwa hutolewa na padri, na hauuzwi. Halafu muulizeni huyo mwalimu, mbele ya halmashauri ya parokia, sadaka za mkesha anaandika kwenye daftari gani na nani analikagua. Akianza kunena kwa lugha, ombeni mfasiri.