Weka drili chini, dada: hiyo skrubu haijafika huko

Dada, weka drili chini kwanza. Umesema kwenye cherehani ya bibi yako, Singer 15, skrubu mbili za bamba la sindano (kile kipande cha chuma kilicho chini ya sindano) zimeganda, moja kichwa kimeliwa, na fundi kakwambia uitoboe uingize kitoleo chenye meno ya kinyume, kile chuma cha kung'olea skrubu zilizoharibika. Ushauri huohuo ndio ulioniulia cherehani yangu, na aliyenipa hakurudi hata kuiangalia.

Skrubu ile ni nyembamba, kichwa tu ndicho kipana. Ncha ya drili inateleza kwenye mkato ulioliwa, pale bisibisi inapoingia, inakwenda pembeni, inakula mwili wa cherehani. Hata ukipata katikati, kitoleo cha kuingia tundu dogo hivyo ni chembamba mno, tena ni chuma kikavu kisichopinda. Kinakatikia ndani. Hapo una kipande kigumu kuliko ncha zako zote za drili. Ukipanua tundu na kuchonga meno mapya, kosa la kiasi cha unene wa uzi tu linahamisha bamba, sindano inaanza kugonga chuma. Na unga wa chuma umeshamwagikia chini, bobini inapokaa.

Bisibisi lazima ijaze mkato! Ya dukani imechongwa kama kabari: inagusa midomo ya juu tu, ukizungusha inapanda na kula kichwa. Inoe kwenye kinoo mpaka pande zake mbili ziwe sambamba, ishuke hadi chini ya mkato, upana sawa na kichwa. Ukitumia mashine ya kunolea, ichovye majini mara kwa mara. Ikigeuka bluu imelainika.

Toa sindano na mguu wa kukandamizia. Kinachoshika mara nyingi ni mafuta ya zamani, hasa ya kupikia, yaliyoganda kama gundi. Dondoshea mafuta ya taa, acha usiku kucha, rudia. Kisha futa yakauke kabisa, ndipo uweke ncha ya pasi ya kulehemu ya mafundi redio juu ya kichwa kwa dakika mbili. Ikipoa kidogo, tia tone la mafuta ya cherehani. Simamisha bisibisi wima, gonga kidogo tu kwa nyundo ndogo, maana mwili wa cherehani ni chuma cha kusubu, ukigonga kwa nguvu hupasuka. Kaza kwanza kiduchu, halafu legeza, nguvu nyingi ikiwa ya kukandamiza.

Ile iliyoliwa, gonga midomo yake irudi chini, kisha chonga mkato upya kwa tupa nyembamba. Ikigoma, weka tindo ndogo ukingoni mwa kichwa, gonga kuelekea upande wa kulegeza.

Na anayekwambia umwagie thina au spiriti, usimsikilize. Vanishi na maua ya dhahabu ya cherehani yatabaki kwenye kitambaa chako cha kufutia.

Zikitoka, zihifadhi hata ile mbovu. Meno yake ni ya vipimo vya Singer wenyewe, skrubu ya duka la vifaa vya ujenzi haiingii, na utahitaji sampuli ya kulinganisha kwa wauza cherehani chakavu.